NANI ALIPE ADA YA MAINJINIA WETU?

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hutoa vijana waliofuzu shahada ya kwanza ya uinjinia. Kila mwaka baadhi yao, tena wale hodari, hupata barua ya kukubaliwa kuendelea na shahada ya pili, halafu barua hiyo ikalala sandukuni mpaka muda wake ukapita. Hawakushindwa na hesabu wala na Kiingereza. Wameshindwa na ada. Habari hii tumeisikia katika matawi mengi mno, ya bara na ya pwani, na tukiendelea kunyamaza tutakuwa tunashiriki katika kosa.

Kwanza tueleze mzigo wenyewe. Ada ya shahada ya pili ya uinjinia katika vyuo vya hapa nchini huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, na hapo mtu hajataja chumba, chakula, kompyuta wala nauli. Tena masomo ya uinjinia yana gharama ambayo mwanafunzi wa sheria au wa historia haijui. Anayetaka kuandika juu ya udongo hana budi achimbe, abebe, apeleke maabara. Anayetaka kuandika juu ya zege lazima amwage vipande vyake, angoje siku 28 vikomae, kisha avivunje kwa mashine. Kila kipimo kina stakabadhi yake. Wako vijana waliomaliza madarasa yote, wakabakiwa na utafiti tu, na hapo ndipo walipokwama kwa kukosa fedha ya maabara. Huyo hana shahada, na fedha aliyokwisha lipa hairudi.

Je, fedha itoke wapi? Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, kwa sehemu kubwa sana hukopesha wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ndiyo kazi yake hasa, na bila Bodi hiyo watoto wengi wa wakulima wasingeona mlango wa chuo kikuu. Lakini tazama yanayomfika kijana baadaye. Akiajiriwa, hukatwa 15 kwa mia ya mshahara wake kulipa deni, maana ndivyo sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016. Tuchukue mfano wa mshahara wa shilingi 1,000,000. Shilingi 150,000 zimekwenda kabla hazijaonekana, na bado kodi ya mapato, akiba ya uzeeni, pango la nyumba, na wadogo zake wanaomtazama yeye. Mwaka 2021 ile tozo ya 6 kwa mia ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa, na watu walishukuru, kwa sababu ilikuwa ikifanya deni likue huku mtu analipa. Sisi hatusemi deni lisilipwe, la hasha. Fedha hiyo ndiyo inayomsomesha anayekuja nyuma. Tunachosema ni kwamba mtu anayelipa deni la shahada ya kwanza hawezi wakati huo huo kuweka akiba ya ada ya shahada ya pili, na anayedhani aweza hajapata kuishi kwa mshahara huo.

Wako wanachama, na miongoni mwao wazee tunaowaheshimu, wanaosema hivi: "Huyu amekwisha pata shahada moja kwa jasho la wananchi. Mjukuu wangu anakaa chini, shule haina madawati. Kwa nini nimlipie na ya pili?" Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa kejeli.

Jibu letu ni hili. Injinia wa shahada ya kwanza aweza kujenga kwa kufuata ramani, naye ni mtu wa lazima. Lakini nani aliyeichora ramani hiyo? Nani atakayesema kwamba ramani imekosea? Kila aliyesafiri wakati wa masika katika nchi ya udongo mweusi wa mbuga ameona jinsi barabara inavyopasuka na kufanya mawimbi. Udongo ule huvimba unyeshewapo na kusinyaa ukaukapo, ukaibeba lami juu yake kama mtu anayejigeuza usingizini. Vitabu vilivyoandikwa kwa udongo wa Ulaya havitoshi. Lazima awepo mtu aliyekaa miaka akiupima udongo wetu, na kukaa huko ndiko kunakoitwa shahada ya pili na ya tatu. Asipokuwepo, barabara hujengwa mara ya pili na ya tatu, na fedha ya kuijenga upya ni ile ile ya madawati ya mjukuu.

Au tuzungumze maji. Huko Arusha na Meru maji ya visima na mito mingi yana madini ya floraidi kupita kiasi, na ushahidi wake uko katika meno ya watu na katika mifupa ya watoto. Dakta Askwar Hilonga alipata shahada ya tatu ya uinjinia wa kemikali huko Korea ya Kusini, akarudi kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha, akatengeneza chujio linaloweza kubadilishwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali hapo. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kupata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uinjinia inayotolewa na taasisi ya kifalme ya uinjinia ya Uingereza. Mzee anayeuliza faida ya shahada ya tatu na aende akaulize wale wanaokunywa maji yaliyopita katika chujio hilo.

Basi ikiwa kazi ni ya taifa, nani alipe? Hapa yafaa tukumbuke yaliyofanywa na waliotutangulia, kwa sababu swali hili waliwahi kulijibu.

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961, baada ya kututawala zaidi ya miaka 40, waliacha mainjinia 2 na madaktari 12. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wachache wa sheria, maana nyumba nyingine haikuwapo. Aliyetaka uinjinia alikwenda Nairobi. Vyuo vya Afrika ya Mashariki viligawana kazi: Makerere udaktari, Nairobi uinjinia, Dar es Salaam sheria. Kitivo cha Uinjinia hapa kwetu hakikufunguliwa mpaka mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo mzazi hakulazimika kuuza ng'ombe ili mwanawe awe injinia. Serikali ililipa, na kijana akatumika. Desturi hiyo iliendelea mpaka ilipoletwa sera ya kuchangia gharama katika miaka ya 1990.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni Reli ya Uhuru. Mkataba kati ya China, Tanzania na Zambia ulitiwa sahihi mwaka 1967, kazi ikaanza 1970, na mwaka 1975 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikuwa imetandazwa. Mkopo wake haukuwa na riba. Watu wengi wanayajua hayo. Wachache wanakumbuka kwamba mwaka 1972, wakati mahandaki ya nyanda za juu bado yanachimbwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli katika chuo kikuu. Walianza na lugha ya Kichina, kisha wakaingia katika injini, ishara, simu na njia ya reli. Hakuna aliyeulizwa baba yake ana nini. Ada yao ilikuwa ndani ya mradi, pamoja na mataruma na mabehewa, kwa sababu waliopanga mradi waliona jambo lililo wazi: reli isiyo na mainjinia wake ni chuma kilicholala porini.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Desemba 2018 ulitiwa sahihi mkataba wa Bwawa la Mwalimu Nyerere katika Mto Rufiji, la megawati 2,115, na makampuni mawili ya Misri, kwa gharama ya shilingi trilioni 6.5 hivi. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukatoa umeme mwaka 2024. Mwaka 2017 ilianza kazi ya reli ya kisasa, mjenzi akiwa kampuni ya Uturuki, na mwaka 2024 abiria wakaanza kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Viktoria, lililojengwa na makampuni ya China. Hizi ni kazi za kujivunia, na fedha iliyolipwa ni ya wananchi. Vijana wetu wengi walipata ajira na ustadi humo, na hilo tunalikubali.

Lakini twauliza. Katika mikataba hii, ziliandikwa nafasi ngapi za shahada ya pili na ya tatu? Nani alitumwa kusoma namna bwawa kama lile linavyozeeka, namna tope la Rufiji linavyojaa nyuma ya ukuta, namna vyuma vya daraja vinavyochoka kwa upepo wa ziwa na uzito wa malori? Ikiwa nafasi ziliandikwa, zitangazwe, vijana wazijue waziombe. Ikiwa hazikuandikwa, basi sisi wa leo, wenye makusanyo makubwa kuliko ya mwaka 1967, tumefanya pungufu ya wale waliokuwa na jembe na redio.

Tutoe hesabu, maana chama kisichopiga hesabu hupigiwa. Chukua shilingi 1 katika kila shilingi 1,000 za mradi mmoja wa trilioni 6.5. Utapata bilioni 6.5. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba mwanafunzi mmoja wa shahada ya pili hapa nchini ahitaji shilingi milioni 20 kwa ada, kula, kulala na maabara kwa muda wote wa masomo (makadirio ni yetu, na atakayeleta bora zaidi tutayapokea), fedha hiyo ingewasomesha mainjinia 325. Kwa mradi mmoja! Mtu aseme kama shilingi 1 katika 1,000 ingezuia bwawa lisijengwe. Mjenzi huweka akiba kubwa kuliko hiyo kwa ajili ya mvua.

Kwa hiyo twataka iwe sharti katika kila mkataba mkubwa wa serikali, wa reli, bandari, bwawa, barabara au umeme, kwamba sehemu ya fedha itengwe tangu siku ya kwanza kwa masomo ya juu ya mainjinia wa kazi hiyo. Isitengwe kwa maneno ya "mjenzi atajitahidi". Iandikwe idadi, ziandikwe shahada, na utafiti wa vijana hao ufanyike juu ya mradi wenyewe, ili ukiondoka mwenye mitambo abaki mwenye kuielewa.

Iko na fedha nyingine ambayo haisemwi sana. Waajiri wa Bara hulipa kodi ya kuendeleza ustadi, inayokadiriwa kwa jumla ya mishahara ya wafanyakazi wao. Mwaka 2023 ilishushwa kuwa 3.5 kwa mia. Ni fedha iliyokusanywa kwa jina la ustadi, na sisi hatuoni kwa nini fungu lake dogo lisifungiwe kwa injinia anayerudi darasani. Na Umoja wa Afrika uliweka lengo kwamba kila nchi itumie 1 kwa mia ya pato lake katika utafiti. Lengo hilo likitimizwa, swali la ada ya maabara litakuwa limejijibu.

Hata hivyo kijana aliye na barua mkononi leo hawezi kungoja mikataba ya kesho. Huyo tumwambie ni milango gani iliyo wazi, na katika mlango upi kuna mtego.

Jambo la kwanza ajue namna wenzetu wanavyoliona jambo hili. Katika Marekani ada ya chuo kama MIT ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Ukimtajia mkulima wa korosho wa Newala atadhani unamtania. Lakini katika vyuo hivyo hivyo, mwanafunzi wa shahada ya tatu ya uinjinia kwa kawaida halipi ada hata kidogo. Profesa ana fedha ya utafiti kutoka serikalini au viwandani, na humwajiri mwanafunzi katika maabara yake. Mwanafunzi hufanya kazi, chuo humsamehe ada, naye hupewa posho ya kuishi. Wengine husaidia kufundisha na kusahihisha. Anayelipa sana ni mwanafunzi wa shahada ya pili. Vijana wetu wengi hawajui kwamba huko mtu aweza kuomba shahada ya tatu moja kwa moja akiwa na ya kwanza tu, wakaomba ya pili, wakaonyeshwa bei, wakakata tamaa. Basi asome kazi za maprofesa, amwandikie yule ambaye utafiti wake unafanana na alichofanya yeye, aseme kwa ufupi anachoweza. Ila viza ya Marekani siku hizi hubanwa na kulegezwa kwa amri za Rais wao. Aulize kwanza hali ilivyo kabla ya kulipia mitihani.

Ujerumani ndiko penye maneno mengi ya vijiweni. "Kule kusoma ni bure." Ni kweli kwa nusu. Vyuo vikuu vya serikali katika majimbo karibu yote havitozi ada ya masomo. Jimbo la mwisho liliifuta mwaka 2014. Lakini Baden-Württemberg, jimbo lenye vyuo vya ufundi vya sifa, tangu mwaka 2017 hutoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kilianza mwaka 2024 kuwatoza yuro 4,000 au 6,000 kwa muhula kwa masomo mengi ya shahada ya pili. Hata pale pasipo na ada kuna mtego wa viza. Mwombaji lazima aonyeshe fedha ya kuishi, na njia ya kawaida ni kuiweka katika akaunti iliyofungwa, anayoruhusiwa kuchota kidogo kidogo kila mwezi. Kuanzia Septemba 2024 kiasi hicho kilikuwa yuro 11,904 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 30 mezani kabla hujapanda ndege. Huo "bure" una bei ya shamba na nyumba yake. Tumesikia wazazi waliouza vyote viwili.

Kwa hiyo mtoto wa mkulima asiende Ujerumani kwa kubahatisha. Aombe msaada wa DAAD, ambao hutoa posho ya kila mwezi, bima na nauli. Katika mpango wao wa masomo ya maendeleo, mwombaji kwa kawaida hutakiwa awe amefanya kazi miaka 2 baada ya shahada, na shahada hiyo isiwe imepita miaka 6. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wengine huomba wiki ile ile ya mahafali, wakakataliwa. Wengine huamka mwaka wa saba. Kijana aliyehitimu aandike tarehe hizo mbili ukutani. Naye anayetaka shahada ya tatu ya uinjinia huko ajue kwamba wengi husoma wakiwa waajiriwa wa chuo, wenye mkataba na mshahara.

Uingereza ina Chevening ya mwaka mmoja, nayo yataka miaka 2 ya kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka 2. Iko pia ile ya Jumuiya ya Madola, iliyoasisiwa mwaka 1959. Japani tangu mwaka 2014 huchukua vijana wa Afrika kwa shahada ya pili pamoja na mazoezi katika makampuni yao, kwa jina la ABE. China na Korea ya Kusini zina skolashipu za serikali zao, na mainjinia wetu wengi wamepitia huko.

Lakini kwa nini tutazame ng'ambo tu? Umoja wa Afrika una chuo kikuu chake, PAU, kilichoenezwa katika nchi mbalimbali. Tawi la sayansi na teknolojia liko Juja, Kenya, katika chuo cha Jomo Kenyatta, nako kuna uinjinia wa ujenzi, umeme na mitambo. Tawi la maji na nishati liko Tlemcen, Aljeria. Skolashipu yake kwa Mwafrika hulipa ada na posho. Kwetu Arusha iko Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na ambayo haifundishi shahada ya kwanza kabisa. Kazi yake ni ya pili na ya tatu. Na Zanzibar tangu mwaka 2023 kuna tawi la chuo cha teknolojia cha India cha Madras, la kwanza la vyuo hivyo nje ya India. Ada iliyotangazwa kilipofunguliwa ilikuwa dola 4,000 kwa mwaka kwa shahada ya pili, na 12,000 kwa ya kwanza. Ni ajabu kidogo kuona ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, lakini huo ni uamuzi wenye akili: wamejua wapi pa kumpunguzia mtu mzigo.

Hapa tutoe onyo. Katika miji yetu wamezuka watu wenye ofisi za chumba kimoja na bendera za nchi nyingi ukutani, wanaodai shilingi laki kadhaa "za kushughulikia skolashipu". Chevening na ile ya Jumuiya ya Madola hazitozi hata senti kwa kuomba. Wako vyuo vinavyotoza ada ya fomu, nayo hulipwa chuoni kwenyewe na kupewa stakabadhi. Mtu akikwambia ana mjomba ubalozini, mwulize kwa nini mjomba huyo hakumpeleka yeye.

Wengine watauliza: tukiwasomesha, wakabaki huko huko? Hofu hiyo ina msingi. Anayelipiwa na fedha ya wananchi atie sahihi kwamba atatumika nchini mara mbili ya miaka aliyosoma, na wadhamini wake wawe watu wanaojulikana. Lakini haki ina pande mbili. Tunajua habari ya injinia aliyerudi na shahada ya tatu ya madaraja, idara moja ikamweka kwenye dawati la kugawa mafuta ya magari. Alikaa miezi minane akihesabu lita. Akiondoka huyo, nani msaliti? Aliyeandika mkataba wa kumrudisha aandike pia kazi atakayopewa, na maabara atakayoikuta.

Na sisi wenyewe, tusijifiche nyuma ya serikali. Katika mitaa yetu kamati ya harusi huundwa Jumatatu, na kabla ya mwezi kwisha imekwisha kusanya mamilioni kwa ukumbi, mapambo na muziki wa usiku mmoja. Ina mwenyekiti, mweka hazina, na watu wa kufuatilia wenye ahadi. Asiyechanga hutajwa. Hatujasikia kamati ya ada yenye ukali huo, na hatusemi watu wasioe. Twasema watu wale wale, wenye daftari lile lile, wanaweza kukutana Jumatatu nyingine kwa ajili ya binti wa mtaa huo huo aliyekubaliwa kusoma uinjinia wa maji na kupungukiwa na ada ya muhula mmoja. Tumetaja binti kwa makusudi. Mara nyingi fedha ya ukoo ikiwa ni ya mmoja, hupewa kaka.

Twaomba makatibu wa matawi wote wafanye kazi moja. Waandike majina ya mainjinia wa eneo lao waliokubaliwa na chuo kwa shahada ya pili au ya tatu wakakosa kwenda kwa ajili ya fedha. Pembeni ya kila jina iandikwe chuo, somo, mwaka wa shahada ya kwanza, kiasi kilichopungua, na kama aliomba msaada wowote na wapi. Wasiweke makisio wala majina ya jamaa zao wasiohusika. Orodha ya uongo itatuaibisha mbele ya wabunge ambao tunakusudia kuwapa nakala. Orodha ziwe zimefika ofisi za wilaya kabla ya Bunge la bajeti kuanza Dodoma mwezi wa Aprili.